Pointi Kumi na Tano za Mzee Kisyeri

Hapa Genkuru, wilayani Tarime, ukitaka kuoa na huna ng'ombe wa kutosha, usihangaike. Nenda kwa Mzee Kisyeri. Atakuuliza unao wangapi, atakuuliza wakwe wanataka wangapi, halafu atakohoa. Akikohoa mara moja, ujue upungufu huo ni mdogo kwake. Akikohoa mara mbili, anza kumtafutia mbuzi. Kwa miaka karibu arobaini mzee huyu amekuwa msemaji wa mahari wa nusu ya kata, na sijasikia hata siku moja kwamba alirudi bila mke.

Mbinu yake ni moja tu: hapeleki ng'ombe wote. Wakitaka kumi na wawili, anapeleka tisa. Wale watatu anawapeleka kwa mdomo. Ataeleza rangi zao, pembe zao, yupi ana mimba na yupi anatoa maziwa ya kujaza kibuyu, mpaka wakwe wanaanza kuwaona wakinywa maji mtoni. Binti anaondoka, sherehe inaisha, na wale watatu hawaonekani tena.

Ninachosema nakijua, kwa sababu mke wangu Teresia aliletwa kwa njia hiyo hiyo. Kuna ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, ambaye baba mkwe wangu anamsubiri mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila Krismasi ananiuliza hali yake, na mimi namjibu kwamba hajambo.

Kisyeri mwenyewe ni mrefu, mkavu, na ana koti la kahawia analolivaa hata jua likiwaka, kwa sababu bila koti, anasema, maneno hayakai sawa. Shule aliiacha darasa la pili. Hajui kusoma, lakini anajua aliyesoma amekosea wapi. Ukizungumzia mvua, atakueleza. Ukizungumzia siasa za Kenya, atakueleza zaidi. Watu wa aina hii tunao wengi, na kosa si lao peke yao. Kosa ni letu tunaokaa kimya tukisubiri nyama iive.

Nasema hivyo kwa sababu siku matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mimi nilikuwepo, na nilikaa kimya.

Gati ni mjukuu wa kike wa Kisyeri. Baba yake alifariki Gati akiwa mdogo, akalelewa na mama yake, Rhobi, anayelima mahindi na mtama pale karibu na bonde. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilimfundisha Jiografia mpaka kidato cha nne, darasa la wanafunzi tisini na wawili ambamo ukitaka kumfikia wa nyuma inabidi upite dirishani. Gati alikuwa wa nyuma, na alifika kidato cha sita kwa juhudi zake mwenyewe. Huko alisoma Historia, Kiswahili na Kiingereza.

Mwezi wa saba nikaitwa nyumbani kwao niende na simu yangu. Nikafungua matokeo, nikasoma kwa sauti: divisheni ya tatu, pointi kumi na tano. Akina mama wakapiga vigelegele. Kisyeri akataka nirudie hiyo namba. Nikarudia. Kumi na tano.

Sasa hapa msomaji anisikilize vizuri, maana hata wengine wetu tuliosomea mambo haya bado yanatuchanganya. Katika divisheni, pointi ni kama madeni: zikiwa chache ndiyo umefaulu sana, zikiwa nyingi umefaulu kwa shida. Mwenye tatu ndiye bingwa wa taifa. Mwenye kumi na tano amepita, lakini amepita akiinama. Vyuo vikuu navyo vina hesabu yao nyingine, na huko ni kinyume: kila alama inapewa uzito wake, na anayetakiwa ni mwenye nyingi. Kwa hiyo mtoto yule yule, na karatasi ile ile, pointi zake zinasomwa kutoka juu kwenda chini ofisi moja, na kutoka chini kwenda juu ofisi ya pili. Nilipaswa kulieleza hilo siku ile ile. Ila mbuzi alishachinjwa, kichuri, ile supu chungu ya matumbo, kilikuwa jikoni, na mimi napenda kichuri.

Siku tatu baadaye Kisyeri akasikia kwenye redio mtangazaji akisoma sifa za kujiunga na shahada: ufaulu wa masomo mawili, wenye jumla ya pointi zisizopungua nne. Alizima redio. Alitembea mpaka kwangu, kilomita mbili, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mwalimu," akaniambia, "wanataka nne. Sisi tunazo kumi na tano."

Nilimtazama yule mzee usoni. Ni mtu ambaye tangu ujana wake hakuwahi kufika mahali popote na idadi kamili, na leo amejikuta na ziada ya kumi na moja. Alikuwa anang'aa. Nikafungua mdomo nimweleze, nikaufunga. Nilijiambia nitamweleza kesho, na huo ndio uoga wa mtu aliyesoma.

Kesho yake kikawa kikao cha ukoo. Ajenda ilikuwa shahada gani ichukuliwe, kwa kuwa pointi zipo. Mmoja akasema sheria, maana ukoo una kesi za mashamba ambazo zimezeeka kuliko mawakili. Mwingine akasema udaktari. Kisyeri akawatuliza: sheria ichukuliwe kwa pointi nne, udaktari kwa nne nyingine, na zile saba zitakazobaki zitunzwe, huenda mtoto mwingine akapungukiwa. Watu wazima, wenye ndevu, wakatikisa vichwa kukubali.

Gati alikuwa anapita na birika la chai. Akasimama mlangoni, akasema, "Babu, hizo kumi na tano si za..."

Akaambiwa akalete sukari.

Aliyezungumza kwa akili kwenye kikao kile, nasikitika kusema, ni kaka yake Gati, Nelson, na akili yake ilikuwa ya kujitafutia. Nelson ana miaka ishirini na saba na hajaoa. Kwa desturi yetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka, na Nelson amekuwa akimtazama dada yake kwa jicho la mfugaji tangu yuko kidato cha pili. Hakuipinga shule. Alisema tu kwamba kuna familia moja Morotonga, kule Mugumu, ambayo imeshaulizia mara mbili, na kwamba mambo ya vyuo yana mwisho wake. Wakakubaliana hivi: chuo kikuu kikimchukua Gati, Morotonga wasubiri. Kisipomchukua, waje mwezi wa tisa na ng'ombe wao, na asiwepo wa kulalamika. Msemaji wa upande wetu, kwa chuo na kwa Morotonga pia, atakuwa Mzee Kisyeri.

Jumatatu tukaingia Tarime mjini: Kisyeri mbele, mimi nyuma yake, Gati nyuma yangu na bahasha ya vyeti. Tukaenda kwa Sheila.

Sheila ni Mjaluo wa pande za Sirari, ana steshenari jirani na stendi: kompyuta mbili, mashine moja ya kutoa kopi, na kitambaa cha bluu ukutani cha kupigia picha za pasipoti. Mwezi wa saba na wa nane chumba kile kinajaa kuliko kanisa. Kile kitabu cha mwongozo wa udahili amekichapa chote na kukibana kwa waya, na kurasa zimelegea kwa kufunuliwa. Sifa za kila shahada nchini anazo kichwani, huyu dada ambaye mwenyewe hakuvuka kidato cha nne.

Foleni ilikuwa na watu wanane. Kisyeri akawapita wote, akavuta kiti, akakaa, akaanza kama anavyoanza siku zote. Akamwuliza Sheila ni wa ukoo gani. Akamwuliza baba yake yu hai, na mifugo je. Akasifu nyumba, yaani kile chumba. Sheila alimwamkia shikamoo, akajibu na yale mengine kwa heshima, huku vidole vikiendelea kuchapa barua ya mtu. Hatimaye Kisyeri akaegemea fimbo yake na kutoa neno.

"Binti, tumesikia mnataka nne. Tumekuja na kumi na tano."

Sheila akachukua karatasi ya matokeo. Akaisoma. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama kile kitambaa cha bluu.

"Mzee," Sheila akasema taratibu, "hizi kumi na tano ni za divisheni. Huko zikizidi ndio mbaya. Huku chuo wana hesabu zao. Kiswahili ana D, hiyo ni mbili. Historia ana E, hiyo ni moja. Kiingereza ana S."

"Na S ni ngapi?"

"Ni nusu, lakini kwa degree haihesabiwi. Wanachukua masomo mawili tu yale amefaulu vizuri."

"Jumla?"

"Tatu."

Ng'ombe kumi na tano walikuwa wameingia Mto Mara, na ng'ambo walikuwa wametoka watatu. Kisyeri aliitazama ile kompyuta kama mtu anayemtafuta mamba. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Kwanza alifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo uso wake ulivyorudi. Nne zinatakiwa, tatu zipo. Upungufu wa moja! Hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Akakohoa mara moja.

Akaanza kuongea, na nakiri aliongea vizuri kuliko alivyoongea kwa baba mkwe wangu. Alisema tatu zipokelewe leo, ya nne iko njiani. Alisema msichana ni mchapakazi, hagombani na watu, na mama yake hana deni mtaani. Alisema hiyo S ni ndama, na ndama akiwa na mama yake huhesabiwa, hata kama mguu wake haujakaza. Kisha akaweka kidole chake kirefu chini ya karatasi.

"Na hii hapa ni nini?"

"Hiyo ni General Studies," Sheila akasema. "Amefaulu, lakini hiyo nayo haihesabiwi."

"Aliisoma muda gani?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili anafundishwa kitu kisichohesabiwa?"

Sheila akarudi kwenye barua aliyokuwa akiichapa. Na mimi, ninayelipwa mshahara na serikali ili nijibu maswali ya namna hiyo, nilikuwa nimegeuka kusoma bei ya kutoa kopi.

Sheila akamweleza kwamba si yeye anayekataa. Hata akijaza fomu, mfumo hautakubali. Kisyeri akauliza huyo Mfumo ni mtu wa wapi. Akaambiwa yuko Dar es Salaam. Akaomba apigiwe simu. Watu wa foleni walishaanza kucheka viganjani, na Sheila, nadhani kwa kuchoka, akaandika namba ya dawati la msaada la chuo kikuu kimoja, akanipa. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa.

Akapokea kijana mwenye sauti laini. Kisyeri akampokea kwa salamu zake, zote. Alimwuliza ni mtoto wa nani, na kwao mvua imenyesha, na wazee wake wana umri gani. Kijana wa watu alijibu kila kitu, nafikiri alilelewa vizuri. Dakika ya tano wakafika kwenye pointi. Kijana akasema tatu hazitoshi. Kisyeri akasema tatu na nusu, ukiweka ndama. Kijana akasema hata ingekuwa tatu na robo tatu, mfumo unasoma nne.

"Nani alisema nne?" Kisyeri akauliza. "Kwa nini siyo tatu?"

"Ni utaratibu, mzee wangu."

"Na huyo aliyeuweka utaratibu, yeye alikuwa na ngapi?"

Simu ikakatika. Ikiwa ni salio langu lililoisha au ni ile sauti laini iliyochoka, mpaka leo sijui.

Sheila, ambaye ana huruma, akasema bado kuna njia. Kwa matokeo haya Gati anafaa kabisa kusoma stashahada, miaka miwili, na akitoka huko na wastani mzuri ataomba shahada kama wenzake. Kisyeri akainuka kabla hajamaliza. Akasema tumekuja kuposa binti mkubwa, tunaonyeshwa mdogo wake ambaye hatukumwulizia. Akatoka na koti lake. Nikamfuata, maana nilikuwa na aibu ya kukaa. Gati akasema anabaki kidogo kupiga picha za pasipoti. Tulimsubiri pale nje karibu nusu saa, Kisyeri akitazama magari ya Musoma.

Habari zikatutangulia kufika. Mmoja wa wale wa foleni alikuwa wa kijiji cha jirani, na kufikia jioni hiyo mzee alishapata jina jipya: Kumi na Tano. Vijana wa bodaboda wakawa wakimwona wanainua vidole, mkono mmoja mara tatu. Wanaume aliowaolea wake, wenye watoto waliopatikana kwa maneno yake, nao wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa na Teresia tu. Teresia hakucheka. Aliniuliza ni nani aliyesoma matokeo yale kwa sauti siku ya mbuzi.

Nelson hakupoteza muda. Simu ikaenda Morotonga. Wakauliza idadi. Kisyeri, aliyekuwa amekaa siku nne bila kuongea na mtu, akasema neno moja tu: kumi na tano. Wengine walidhani ni mzaha wa kujitonesha kidonda. Morotonga wakakubali haraka, na mimi nikajua sababu. Wanaokubali haraka ni wale wasiokusudia kukamilisha.

Walikuja Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, na Fuso la ng'ombe na gari dogo la wazee. Bwana harusi mwenyewe, Mseti, kijana mnene mwenye kofia ya kuendeshea pikipiki, alikaa nyuma na hakusema lolote siku nzima. Msemaji wao alikuwa Godwin, mtu mashuhuri upande wa Mugumu. Ng'ombe wakashushwa. Tukahesabu. Walikuwa kumi na wawili, ndama wawili wakiwemo.

Godwin akasimama, akaomba radhi, akaeleza. Hawa kumi na wawili wameonekana. Watatu wamebaki Morotonga, kwa kuwa mmoja ana mimba kubwa na safari ingemdhuru. Mwingine ni mweusi, pembe zimepinda mbele. Wa tatu, akasema, ukimkamua jioni unalazimika kuazima chombo kwa jirani. Nilishindwa kumtazama usoni. Yalikuwa maneno ya Kisyeri, neno kwa neno, yamevaa koti la mtu mwingine. Wazee wetu wakainamisha vichwa wakisubiri kikohozi. Kisyeri akikohoa, mambo yamekwisha, tunakula.

Hakukohoa.

"Mwalimu," akaniambia, "toa karatasi."

Nikatoa. Akamwuliza Godwin, kijana ana cheti cha nini. Godwin akacheka, akasema kijana ana pikipiki. Kisyeri akauliza amefika darasa la ngapi. Godwin akasema la saba, na kwamba katika mahari hajawahi kusikia swali hilo. Kisyeri akasema hata yeye hakuwahi, mpaka mwezi wa saba.

Kisha akaingia kati ya ng'ombe na fimbo yake. Akamgusa wa kwanza, aliyekuwa anachechemea. "Andika: huyu ni S. Hahesabiwi." Akapita. Akawafikia ndama. "Hawa wawili General Studies. Wamefaulu, lakini hawahesabiwi." Akazunguka zizi lote, pole pole, mpaka akawagusa wawili, dume moja la nguvu na jike lililonona. "Wanaochukuliwa ni wawili walio bora. Hao hapo. Mwalimu, jumla?"

"Wawili," nikasema.

"Wanatakiwa kumi na tano."

Godwin akanitazama mimi, akawatazama wazee wetu, akamtazama tena Kisyeri. "Mzee, mura wetu, kijana wa watu, ametoka mbali. Unatania?"

"Sitanii. Mfumo haukubali."

"Mfumo ndiye nani?"

"Yuko Dar es Salaam."

Godwin si mtoto mdogo, alitumia kila alichojua. Alisema wale watatu wataletwa Jumamosi ijayo. Alisema wataongeza wa nne kwa heshima. Kisyeri alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, kisha akamwambia dirisha la maombi limefungwa, na likifunguliwa la pili, wakiwa na sifa, waombe tena. Ng'ombe wakapandishwa kwenye Fuso mmoja mmoja. Nelson alilisindikiza lile gari mpaka barabara kubwa, akabaki amesimama pale hata vumbi lilipotulia.

Akina mama wa hapa wanasema mzee alifanya vile kwa kumpenda mjukuu wake. Wanasimulia mpaka wanatoa machozi. Mimi sikubali. Nilimwona macho. Alikuwa na hasira tu. Miaka arobaini ametoa mabinti wa watu kwa hesabu pungufu, na kila mlango ulifunguka. Siku moja tu yeye mwenyewe alipobisha na upungufu wake, akafungiwa na mtoto asiyemwona, kwa sababu ya pointi moja. Ilikuwa lazima naye amfungie mtu. Ni bahati ya Gati kwamba aliyetangulia kubisha alikuwa Godwin.

Jumapili kikaitishwa kikao kingine. Chuo kikuu kimekataa, Morotonga tumewakataa, sasa msichana afanywe nini. Wazee walizunguka na suala hilo mpaka wakachoka. Nelson hakuja. Ndipo Gati akaingia, safari hii bila birika, akanipa karatasi nisome.

Ilikuwa barua ya chuo kimoja cha Mwanza. Amechaguliwa kusoma stashahada ya sheria, aripoti mwezi wa kumi. Chini kulikuwa na tarehe aliyotuma maombi. Ilikuwa ile Jumatatu tuliyoenda kwa Sheila, ile nusu saa ya picha za pasipoti.

Mtu mmoja akauliza nani atalipa ada. Hapo kila mwenye macho akayapeleka sakafuni. Rhobi, mama yake, akasema ana mahindi gunia nane, atayauza yote. Kisyeri akasema mahindi hayatatosha, na kwamba yeye ana ng'ombe mmoja wa kupeleka mnadani. Mwekundu, akasema, ana doa jeupe hapa. Akajigusa paji la uso.

Niligeuka nikamtazama. Hakunitazama. Baada ya kikao nilipita zizini kwake kuhakikisha, na yule ng'ombe alikuwepo kweli, anatafuna. Kwa baba mkwe wangu nimeamua kutolisema hili.

Kabla hatujaondoka, Kisyeri akamwita Gati karibu. Alitaka kujua, akimaliza hiyo miaka miwili, hao wa shahada watamtaka alete ngapi.

"Wastani wa tatu, babu."

"Tatu." Mzee alitafakari. "Si tulizipeleka tatu?"

"Hizi ni tatu nyingine."

Akanigeukia nimweleze tofauti. Nilianza. Nilieleza pointi na wastani, nilieleza mwongozo, nikafika katikati nikagundua kwamba ninaongea kama yule kijana wa simu, nikasema tu ni utaratibu. Kisyeri akatikisa kichwa. Hakuuliza tena.

Wazee wakasambaa uani kusubiri chai. Nilimkuta Gati nyuma ya jiko akipanga vikombe. Nilitaka kumpongeza kama mwalimu wake, na pia, sitaficha, nilitaka nisikie kwamba mchango wangu ameuona. Nikamwuliza ni lini alijua kwamba zile kumi na tano hazikuwa kitu.

"Siku ile ile matokeo yalipotoka, Mwalimu."

"Sasa mbona hukusema? Mbuzi amechinjwa, mzee ameaibika mjini, watu wametoka Morotonga na ng'ombe. Mbona hukusema?"

Aliendelea kupanga vikombe.

"Nilisema. Mkaniambia nilete sukari."

Chai ilikuwa inachemka, na wazee walikuwa wanakohoa uani wakiisubiri. Nikatazama rafu ya jikoni. Kopo la sukari lilikuwa tupu. Gati akafuta mikono, akaanza kutafuta kandambili zake. Nikamwambia akae. Nikatoka kwenda dukani mwenyewe.